Kabla Hujatoa Advansi kwa Seremala: Maneno ya Samani na Namna ya Kuyahakikisha

Mtu anayeagiza samani mara nyingi humalizia nguvu zake zote kwenye bei. Anapunguziwa, anatoa advansi, anaondoka akiwa ameridhika. Siku kochi linapofika nyumbani ugomvi unaanza. Yeye alisema mninga, na fundi anaapa kuwa ni mninga. Yeye alitaka sponji ngumu, na fundi anasema ngumu ndiyo hiyo. Ukiwasikiliza kwa utulivu utagundua kuwa pengine hakuna aliyesema uongo. Walitumia maneno yaleyale, kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani. Ndivyo ilivyo kwenye karakana za Keko jijini Dar es Salaam, na ndivyo ilivyo kando ya Ngong Road jijini Nairobi. Hasara ya mnunuzi huanzia kwenye mazungumzo, kabla ubao wa kwanza haujapigwa randa.

Ninachotaka ufanye baada ya kusoma makala haya ni kimoja: kila fundi au muuzaji atakapokutajia neno la sifa, umuulize maana yake kwenye kitu hicho hasa unachonunua, kisha ulihakikishe kwa jicho, kwa mkono, kwa futi kamba au kwa mizani. Maneno mengi ya fenicha yanapimika, na fundi mzuri hupenda mteja anayeyajua kwa sababu humwepusha na lawama asizostahili.

Tuanze na mbao, maana huko ndiko fedha nyingi zinakokwenda.

Ukiambiwa “kochi hili ni la mninga”, kuna mambo matatu yanayowezekana. La kwanza, fremu nzima ni mninga, hata zile sehemu zilizofichwa ndani ya kitambaa. La pili, mninga uko kwenye mikono na miguu tu, yaani panapoonekana, na ndani kuna msonobari au mkaratusi. La tatu, ni mbao nyingine iliyopakwa rangi ikafanana na mninga. Makochi ya aina zote tatu yanauzwa, tena yanaweza kuwekwa safu moja. Swali la kuuliza ni fupi: “Fundi, ni sehemu zipi zenye mninga, na zisizoonekana ni mti gani?” Fremu ya ndani ikiwa ya msonobari uliokauka vizuri na kutiwa dawa ya wadudu, hakuna ubaya wowote, mradi bei iseme hivyo.

Mafundi hugawa mbao katika laini na ngumu, na mgawanyo huo una mtego kidogo, kwa sababu msingi wake ni aina ya mti, si ugumu wa ubao. Kitaalamu mbao laini ni za miti yenye majani kama sindano au magamba, mfano msonobari, ambao wengi tunauita paini, na saipresi. Mbao ngumu ni za miti yenye majani mapana. Paini nyingi ya Tanzania hutoka mashamba ya Sao Hill, wilayani Mufindi, na nchini Kenya saipresi hutumika sana kwa fremu na makabati. Hizi ni mbao nyepesi, rahisi kukata na nafuu kununua, ila hupata alama upesi ukiziangushia kitu, na zisipotiwa dawa mchwa huzimaliza.

Katika mbao ngumu, mninga umepata sifa yake kwa haki. Una rangi ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu au wekundu, hupokea randa na patasi vizuri, na ukikauka haupindipindi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unafaa milango na fremu zake. Ukifika pwani ya Kenya ukasikia mbambakofi, ujue ni mti huohuo. Mvule huanza na rangi ya manjano kisha hugeuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo usishangae meza ikibadilika rangi, haijaharibika. Mkangazi ni jamaa wa mahogani, mwekundu, mtulivu kwa nakshi. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, una mafuta ya asili yanayousaidia kuhimili maji na mchwa. Hupandwa Kilombero, Mtibwa na Longuza. Ila mtiki uliovunwa ungali mchanga huwa na sehemu kubwa nyeupe isiyo na uimara huo, na hapo ndipo wengi hununua jina wakakosa sifa yake.

Hilo la sehemu nyeupe linastahili kuelezwa zaidi. Shina la mti lina moyo, ile sehemu ya kati yenye rangi, na lina pete ya nje iliyo nyeupe au ya manjano hafifu. Moyo wa mninga hudumu vizazi. Pete yake ya nje huliwa na bungua, wale wadudu wanaotoboa vitundu vidogo na kuacha unga mwembamba sakafuni chini ya kitanda. Fundi asiye mwangalifu huchanganya zote mbili kisha vanishi yenye rangi huzifanya zifanane. Ndiyo maana nasisitiza kuliko jambo lingine lolote humu: nenda karakanani uikague samani yako kabla haijapakwa chochote. Ikiwa bado mbao tupu utaona moyo uko wapi na weupe uko wapi, utaona nyufa zilizojazwa unga wa msumeno na gundi, utaona kama miguu minne imetoka mti mmoja.

Neno jingine zito ni “zimekauka”. Mbao ikikaushwa kwa hewa tu, kivulini, kipimo cha kawaida cha mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Inayokaushwa kwenye tanuri humaliza kwa siku au wiki. Mbao mbichi huendelea kusinyaa ndani ya nyumba yako, nayo husinyaa kwa upana. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno. Ndiyo sababu uso wa meza hupasuka kufuata nyuzi, na paneli ya mlango wa kabati huachana na fremu yake. Kama samani inatengenezwa Tanga au Mombasa penye unyevu na wewe unaishi Dodoma au Nairobi, mwambie fundi mapema. Akijua, atapachika uso wa meza kwa namna inayouruhusu kutanuka na kusinyaa, badala ya kuubana kwa gundi na misumari pande zote. Karakana chache zina kipimo cha unyevu cha kuchomeka kwenye ubao. Pale kilipo, omba kitumike mbele yako, na kwa samani za ndani usifurahie namba iliyo juu sana ya asilimia 12.

Vipimo navyo. “Mbili kwa nne” ni inchi za ubao ulivyotoka kiwandani kwenye msumeno. Ukishapigwa randa hupungua, hivyo ubao wa inchi moja unaweza kubaki robo tatu tu. Uliza unene baada ya randa, na uandike huo.

Na uliza mbao zilitoka wapi. Tangu mkutano wa mwishoni mwa 2022, mninga na mkongo wa Afrika wamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mpingo ulitangulia kuingia. Miti hii inakua polepole kuliko tunavyoikata. Mnunuzi anayedai mbao halali anausaidia msitu kuliko anayenunua bila kuuliza.

Sasa twende kwenye mbao za kiwandani, ambako maneno yamechanganyika zaidi. Kinga yako hapa ni kuangalia ukingo, kwa sababu uso hupambwa na ukingo husema kweli. Ukiona tabaka nyembamba zilizolaliana, hiyo ni plaiwudi. Tabaka moja huwa na nyuzi za kwenda na inayofuata huwa na nyuzi za kukatisha, ndiyo maana haipindi kirahisi. Shiti yake ya kawaida ina futi 8 kwa 4, na unene kati ya milimita 3 na 18. Ukiona vipande vya mbao vya mraba vimepangwa katikati ya nyuso mbili nyembamba, hiyo ni blokibodi, nzuri kwa rafu ndefu na milango ya makabati. Ukiona unga laini uliobanwa usio na nyuzi wala chembe, hiyo ni MDF. Inapendeza kwa rangi na kwa michoro ya mashine, lakini ukingo wake haushiki skrubu vizuri na maji huivimbisha. Ukiona chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipubodi, ya bei ya chini kuliko zote. Ikilowa huvimba na kumeguka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na haina tiba.

Hizi zote hufunikwa. Vinia ni ganda jembamba sana la mbao halisi linalobandikwa juu ya ubao wa kiwandani. Melamini ni karatasi iliyoloweshwa kemikali ngumu na kubanwa kwa joto, mara nyingi ikiwa na picha ya mbao. Fomika ni shiti nene kidogo ya aina hiyo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1912, na kwa meza ya jikoni bado haijapata mpinzani wa bei yake. Kutofautisha vinia na picha, fuata michirizi kutoka usoni hadi ukingoni: ya ubao mzima hugeuka pamoja na kona, ya vinia huishia hapo, na ya picha hujirudia mahali pengine ikiwa ileile. Nisingependa msomaji aondoke akidhani vinia ni utapeli. Meza ya vinia safi juu ya plaiwudi nzuri hukaa sawa kuliko meza ya mbao nzima iliyokuwa mbichi. Utapeli ni kuuza vinia kwa jina na bei ya mbao nzima. Kwa jikoni na bafuni mimi nachagua plaiwudi inayostahimili maji, na chipubodi siiingizi huko hata kwa zawadi.

Maungio ndiyo hayaonekani, na ndiyo yanayoamua kama kiti kitafika kwa wajukuu. Ungio la heshima ni la ulimi na tundu: mwisho wa ubao mmoja huchongwa ulimi, ubao wa pili hutobolewa tundu, vikaingiana na gundi kati yake. Baadhi ya mafundi huongeza kigingi cha mti kinachopita katikati. Ungio la pili ni la vijiti vya mviringo vinavyoingia pande zote mbili. La tatu ni skrubu, na la mwisho ni misumari. Kwa kiti cha kulia chakula, ambacho mtu hukiegemea nyuma kila siku, usikubali misumari peke yake. Shika kiti begani, kisukume mshazari. Kikicheza kikiwa kipya, mwaka mmoja ukipita kitalegea kabisa. Kwa droo, ambayo wazee waliiita mtoto wa meza, ivute hadi mwisho na uangalie pembe zake. Meno yanayotanuka kuelekea mwisho yakakamatana hayachomoki hata ukivuta miaka. Ubao uliopigiwa pini mbili utaachana siku utakapojaza nguo. Angalia pia reli na bawaba, maana vitu hivi vidogo hufa mapema kuliko mbao.

Kitanda kinahitaji maneno yake, na Kiswahili kinayo yote kamili. Miguu minne ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati, na mbili fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Upande unakolaza kichwa ni mchago. Zile mbao za kukatisha zinazobeba godoro ni chaga. Ukiyajua haya unaweza kumwambia fundi kwa simu, “Chaga zisiwe za paini, na mfumbati uingie kwenye tendegu kwa bolti,” naye akaelewa bila picha. Chaga ndizo huvunjika kwanza, kwa hiyo uliza idadi yake na unene wake, na kwa kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita dai ubao wa kati wenye mguu wake unaogusa sakafu. “Tano kwa sita” ni futi za nafasi ya godoro, ndani ya mifumbati. Kitanda chenyewe kitazidi hapo, na mchago wenye mapambo unaweza kuongeza kiasi cha kushindwa kupita mlangoni. Pima mlango na kona ya ngazi kwanza.

Kitanda kirefu chenye nguzo, cha kifahari, kinachoonekana kwenye nyumba za kale za Unguja na Lamu, ni samadari. Kitambaa kinachotandazwa juu yake ni besera. Ukiagiza samadari leo, amua kama unataka besera ya kitambaa au fremu tupu ya chandarua, kwa sababu urefu wa nguzo hutegemea dari yako.

Kwa upande wa makochi, neno linalotumiwa vibaya kuliko yote ni “hai densiti”. Msongamano wa sponji ni uzito wake katika kila mita ya ujazo, na unaweza kuupima wewe mwenyewe. Chukua kipande chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 60 na unene wa 10. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.036. Kikiwa na uzito wa kilo 1.08, msongamano ni kilo 30 kwa mita ya ujazo, na hicho kinafaa kiti cha kukaliwa kila siku. Kikiwa na kilo 0.6, msongamano haufiki 17, na kitabonyea mapema hata kama leo kinaonekana kimejaa. Usichanganye msongamano na ugumu. Sponji inaweza kuwa ngumu mkononi ikiwa mpya na bado ikawa nyepesi ya kuchoka upesi. Viwanda vingine huongeza unga wa chokaa ili uzito upande; ukiisugua kwa vidole ukahisi unga, iache. Chini ya sponji uliza kuna nini: springi, mikanda ya mpira iliyosukwa, au ubao mtupu. Ubao mtupu huharakisha kuchoka kwa sponji na huchosha kiuno cha anayekaa.

Ngozi nayo ina ngazi zake. Ngozi halisi ni ngozi ya mnyama. Ngozi ya kuunganishwa ni mabaki yaliyosagwa na kubandikwa kwenye kitambaa pamoja na plastiki, na hiyo ndiyo huanza kuambuka magamba baada ya muda, hasa kwenye joto na jasho la pwani. Ngozi bandia ni plastiki juu ya kitambaa, na ile nzuri huishinda ngozi ya kuunganishwa kwa kudumu. Angalia nyuma na kwenye mkato. Kwa kitambaa cha kawaida, maduka makubwa yana kipimo cha Martindale, idadi ya misuguo ambayo kitambaa huhimili kabla ya kuchakaa. Kwa sebule yenye watoto usishuke chini ya 20,000.

Umaliziaji nitaupitia haraka. Msasa huenda kwa namba, na namba kubwa ni msasa laini. Ubao hupigwa msasa mkali kwanza, kisha laini, kufuata nyuzi. Sila huziba vitundu vya mbao, msasa hupita tena, ndipo vanishi huja. Fundi anayepaka vanishi mara moja juu ya ubao usiotiwa sila atakuletea uso unaong’aa wiki ya kwanza na kukwaruza mkononi wiki ya tatu. Kwa meza ya chakula omba vanishi ya polyurethane, inayohimili joto na maji. Polishi ya jadi itokanayo na utomvu wa wadudu wa lac ina mng’ao wa ndani unaopendeza macho, lakini kikombe cha moto huiachia duara jeupe. Iweke kwenye kasha au kabati la maonyesho.

Sasa mapambo yenyewe, ambako pwani yetu ina utajiri wa kujivunia. Nakshi ni michoro iliyochongwa kwenye mti, plasta au chuma. Kukereza ni kuzungusha mti kwenye mashine na kuuchonga duara, ndivyo miguu na nguzo zenye mafundo hutengenezwa. Njumu ni mapambo ya kuchomeka: mfupa, pembe, fedha au shaba huingizwa kwenye mti na kusawazishwa na uso wake. Tofauti hizi zinagusa mfuko wako. Nakshi ya mkono ina kina kisicho sawa sehemu zote na alama ndogo za patasi. Nakshi ya mashine hujirudia bila kosa, na pembe za ndani huwa na mviringo kidogo kwa sababu ncha ya mashine ni duara. Nyingine hazikuchongwa kabisa: ni vipande vilivyomiminwa kwenye kalibu na kubandikwa. Ziguse pembeni, utaona mstari wa gundi.

Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu huonyesha ufundi huo wote kwa pamoja: mti wa giza, mgongo mrefu wima, paneli za kamba iliyosukwa kwa ustadi, njumu za pembe au mfupa, na mahali pa kuwekea miguu. Kilikuwa kiti cha mgeni mheshimiwa. Ukitaka kutengenezewa nakala, nenda kwanza ukakitazame cha kweli kwenye makumbusho ya Lamu, uone uwiano wake. Nakala nyingi hufupisha mgongo, na heshima ya kiti hupotea hapo.

Mlango wa kuchonga wa Unguja una miimo pande mbili, kizingiti juu, mbao mbili za kufunguka, na mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika palipokutana mbao hizo. Kizingiti cha mraba ni mtindo wa zamani zaidi. Tao la nusu duara, lenye athari ya mafundi wa Kihindi, lilienea nusu ya pili ya karne ya 19. Anayekuuzia mlango akauita “wa kale” bila kujua mfaa ni nini, mshukuru na uende zako.

Neno “kale” lichunguze kwa makini. Kwa wafanyabiashara wengi duniani, samani huhesabiwa ya kale ikifikisha miaka mia. Geuza kabati uangalie mgongo na chini yake, mahali ambapo muuzaji hapambi. Mbao za zamani huwa kavu, rangi zake hazilingani, alama za zana za mkono zinaonekana. Tazama skrubu: zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Samadari inayosemwa kuwa ya enzi za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ikiwa na skrubu hizo kila mahali, basi ama imefumuliwa na kurudishiwa upya, ama ni ya juzi. Tena ujue sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na Zanzibar ina sheria yake. Kenya, sheria ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Ndugu zetu wanaonunua ili wasafirishe kwenda Muscat, London au Toronto wapate kibali kwanza. Mlango uliong’olewa Mji Mkongwe unaacha pengo ambalo nakala haizibi.

Majina ya mitindo ya Ulaya usiyaogope. Mtindo wa Victoria ni wa enzi za malkia huyo, 1837 hadi 1901: mbao za giza, kukereza kwingi, vitambaa vizito. Chippendale ni seremala wa Uingereza aliyechapisha kitabu cha michoro yake mwaka 1754, na viti vyenye mgongo wa mbao iliyotobolewa michoro hubeba jina lake. Art Deco ilipata jina kutokana na maonyesho ya Paris ya 1925: maumbo ya kijiometria, mistari mikali, mng’ao. Chesterfield ni kochi ambalo mgongo na mikono vina kimo kimoja, vimeviringwa, na vifungo vimezamishwa ndani. Kwa fundi wako jina pekee halitoshi. Mpe picha, mpe vipimo, na kwa Chesterfield uliza kama vifungo vimevutwa kwa uzi hadi nyuma ya fremu au vimegongwa juu tu. Vya kugonga hung’oka.

Kuhusu chumba chenyewe, mambo matatu tu. Rangi ya ukuta isiyo na mng’ao huficha kasoro za plasta lakini haisafishiki vizuri; ya silki hufutika; ya glosi iachie milango na madirisha, maana huanika kila bonde la ukuta. Kwenye taa, soma boksi upande wa kelvini. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa joto unaofaa sebule na chumba cha kulala, na ndio unaotoa rangi ya mninga. 6500 ni mwanga mweupe wa buluu unaofaa karakana na ofisi, na chini yake mbao nzuri huonekana imepauka. Watu hugharimia kabati la mkongo halafu huliua kwa balbu ya namba hiyo. Na kabla hujanunua zulia la plastiki, fikiria mkeka wa mkindu. Pindua ukingo wake uone ukili, ule mshipi uliosukwa ambao mkeka hushonwa kwao: ukili mwembamba uliosukwa kwa kubana na kushonwa karibu karibu ni wa kudumu, na fedha yako itamfikia mama aliyeusuka.

Ukishaelewana na fundi, andikeni. Karatasi ya daftari inatosha, yenye saini za wote wawili, nakala kwa kila mmoja, au ujumbe wa simu ambao naye ameujibu. Iseme mti wa sehemu zinazoonekana na zisizoonekana, unene baada ya randa, aina ya maungio, msongamano wa sponji, kitambaa kwa jina na kipande kidogo kilichobanwa na pini, umaliziaji, vipimo vya nje, tarehe, na advansi iliyolipwa. Ongeza sharti moja: malipo ya pili yatolewe siku utakapoikagua samani ikiwa mbao tupu. Fundi anayeikubali karatasi hiyo mpe kazi, na usimpunguzie bei mpaka akalazimika kupunguza mbao.